Bega la Mchezaji wa Kikapu Halijui Ratiba ya Ligi

Tarehe 21 Februari 2007, Dwyane Wade wa Miami Heat alitolewa uwanjani Houston kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa amenyoosha mkono kumpokonya mpira mpinzani, Shane Battier, mikono ikanasana, na bega lake la kushoto likateguka. Heat walikuwa mabingwa watetezi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na msimu ulikuwa umebakiza takriban miezi miwili kabla ya hatua ya mtoano. Mezani kulikuwa na njia mbili: upasuaji na msimu uishie hapo, au mazoezi tiba na bahati nasibu ya kurudi. Wade alichagua mazoezi tiba. Aprili alirudi kweli, Heat wakafungwa mechi nne kwa sifuri na Chicago Bulls katika raundi ya kwanza, na Mei akafanyiwa upasuaji wa bega lile lile, na wa goti juu yake. Msimu uliofuata ulipoanza, yeye bado alikuwa pembeni.

Miaka 17 baadaye hadithi ikajirudia New York. Januari 27, 2024, Julius Randle wa Knicks aliangukia mkono akielekea kikapuni dhidi ya Heat hao hao, na bega la kulia likatoka. Zikafuata wiki za mazoezi tiba, taarifa za matumaini, picha za mazoezini. Mwanzoni mwa Aprili klabu ikatangaza kwamba atafanyiwa upasuaji na msimu wake umekwisha.

Ni rahisi kusema leo kwamba wote wawili walikosea. Siendi huko. Kuna wachezaji waliotegukia bega, wakafanya mazoezi, wakarudi na mambo yakaisha salama, na hakuna daktari makini anayeweza kumtazama mtu siku ya kwanza akaapa kwamba huyu ataangukia upande gani. Kinachonisumbua ni swali lililotangulia mengine yote: je, anaweza kurudi kabla ya mtoano? Bega halina habari na mtoano. Mchezo wa kikapu umezoea kupima kupona kwa bega kwa vitu viwili, maumivu na tarehe, na vyote viwili ni mashahidi wa uongo.

Tuanze na maumbile. Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu. Bega limekaa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kisahani cha kombe la bega kinachokipokea hugusana na robo hadi theluthi yake tu kwa wakati mmoja. Ukingo wa kisahani hicho umezungukwa na pete ya gegedu iitwayo labramu, inayokiongezea kina. Nje yake kuna ligamenti, nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Nje zaidi kuna misuli minne midogo, rotata kafu, ambayo watu hudhani kazi yake ni kunyanyua mkono. Kazi yake kubwa ni kukivuta kichwa cha mfupa kibaki katikati ya kisahani wakati misuli mikubwa ya kifua, mgongo na bega inafanya vishindo vyake. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachozunguka kwa uhuru namna hii, na uhuru huo umelipiwa kwa uthabiti.

Ukilinganisha na kifundo cha mguu au goti, bega halimwangushi mchezaji wa kikapu mara nyingi, na nadhani hiyo ndiyo sababu halizungumzwi. Besiboli na voliboli wana utaalamu mzima juu ya bega kwa sababu huko mkono hurusha au hupiga kwa kasi mamia ya mara. Mtupio wa kikapu ni mpole kwa bega: nguvu inaanzia miguuni, kiwiko kinapanda mbele ya mwili, kiganja kinamalizia. Hatari iko kwenye matukio yasiyoandikwa kwenye takwimu za mechi. Beki anachomoa mkono kando kukata pasi huku mwili umeshapita. Mzuiaji anaruka kubloku danki, yaani mpira unaosukumizwa kikapuni kutoka juu, na mpira huo, ukiwa na uzito wote wa anayedanki nyuma yake, unausukuma mkono kurudi nyuma. Wawili wanagombea ribaundi, mpira uliokosa kikapu, mkono wa mmoja umekabwa chini ya kwapa la mwenzake, na kila mmoja anageukia kwake.

Ukiyatazama matukio hayo kwa makini utaona mkao ni ule ule: mkono umeinuka, umetanuka nje, na umezungushwa kuelekea nyuma. Hapo misuli haina nafasi nzuri ya kusaidia, na kilichobaki kushikilia ni ligamenti za mbele na kipande cha mbele cha labramu. Sukuma kidogo tu na kichwa cha mfupa kinateleza. Zaidi ya teguko tisa kati ya kumi za bega huenda mbele, na mara nyingi hung'oa labramu kwenye mfupa zikitoka. Wakati huo huo nyuma ya kichwa cha mfupa hujigonga kwenye ukingo wa kisahani na kubonyea. Kwa hiyo hata likirudishwa mahali pake, bega lililowahi kutoka si lile lililoamka asubuhi.

Kevin Love wa Cleveland Cavaliers alionyesha toleo la wazi kabisa la mkao huo Aprili 26, 2015. Yeye na Kelly Olynyk wa Boston Celtics walikuwa wakiufuata mpira uliozagaa, mkono wa kushoto wa Love ukakumbatiwa na kuvutwa, na Love akakimbia bila kusimama hadi chumba cha kubadilishia nguo huku ameushikilia mkono. Olynyk alifungiwa mechi moja. Love alifanyiwa upasuaji wiki hiyo hiyo. Cavaliers wakafika fainali bila yeye na wakashindwa. Msimu mpya ulipoanza Oktoba alikuwa uwanjani, na Juni 2016 akawa bingwa. Uamuzi wa haraka ule ulimnyima fainali moja, lakini uliliondoa suala la kalenda mapema. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi ya kupona.

Neno kuhusu dakika za kwanza, maana huko ndiko madhara mengine huzaliwa. Bega lililotoka hujionyesha: mviringo wa bega umepotea, mahali pake kuna kona, na mchezaji ameshika kiwiko chake kwa mkono mwingine akikataa kuguswa. Daima atatokea mtu, mara nyingi mchezaji wa zamani, anayejua kulirudisha: weka mguu kwapani, vuta. Njia hiyo ni ya kale kuliko hospitali, na kwa mtu aliyefunzwa ina nafasi yake. Lakini anayevuta bila kujua kama mfupa umevunjika anaweza kugeuza ufa kuwa mvunjiko kamili. Kuna pia neva inayopita chini kabisa ya kiungo hicho. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, pale mkono wa jezi unapoishia. Kama pamekufa ganzi, neva hiyo imevutwa, na taarifa hiyo inatakiwa iandikwe kabla ya mtu yeyote kuvuta chochote. Mapigo ya damu kwenye kiganja yapimwe. Eksirei ipigwe. Funga mkono ulivyo, peleka.

Sasa maumivu. Januari 21, 2015, Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers akiwa na miaka 36 alidanki dhidi ya New Orleans Pelicans na kuchana rotata kafu ya bega la kulia, bega la mkono aliokuwa akitupia. Alitoka, kisha akarudi mchezoni akawa anadunda, anapasi na hata kutupa kwa mkono wa kushoto, na mtupio mmoja ukaingia. Wiki moja baadaye alifanyiwa upasuaji, na makadirio yakawa miezi tisa hivi. Mashabiki huikumbuka mechi ile kama ushahidi wa roho ngumu, na ilikuwa hivyo. Mimi naona pia jambo jingine: mchezaji wa kiwango kile anaweza kulizunguka bega lake. Anahamisha kazi kwenye mkono mwingine, kwenye miguu, kwenye akili, na anayetazama kwa mbali haoni pengo.

Anthony Davis naye, mwaka 2016 ilipojulikana kwamba labramu ya bega lake la kushoto ilikuwa imechanika, alikuwa ameshacheza nayo takriban miaka mitatu. Miaka hiyo alikuwa akiitwa kwenye mechi za nyota wote. Hapo picha ya skani nayo inapoteza sehemu ya mamlaka yake. Wanamichezo wengi wanaotumia mikono juu ya kichwa wana labramu zilizochanika kwenye picha na hawana shida yoyote, huku mwingine mwenye picha safi hawezi kunyanyua mkono kwa usalama. Anayeamua matibabu kwa kutazama filamu peke yake anatibu filamu.

Umri ndio unaogawa njia, na hapa nina msimamo. Kijana wa chini ya miaka 20 anayetegua bega kwa mara ya kwanza na kurudi kwenye mchezo wa kugongana ana uwezekano mkubwa wa kulitegua tena. Tafiti zimetofautiana kwa namba, lakini nyingi zinaweka uwezekano huo juu ya nusu, na baadhi juu sana. Bega la mtu wa zaidi ya miaka 40 halitoki tena kirahisi. Kwake hatari ni kwamba lilipotoka lilichana rotata kafu, na akiambiwa apumzike tu bila kuchunguzwa anaweza kukaa miezi akishangaa mbona mkono haupandi. Ni jeraha lenye jina moja na tabia mbili.

Lakini angalia linavyotendewa uwanjani. Mkongwe mwenye mkataba mnono anapelekwa kwa bingwa wa mabega siku hiyo hiyo. Kijana wa timu ya shule anaambiwa avae mkanda wa kuning'iniza mkono wiki tatu, aone. Wiki ya nne hana maumivu, ya tano anadunda, ya sita yuko kwenye kikosi. Yule ambaye bega lake lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka tena ndiye anayepewa mashauri machache zaidi. Na kila teguko linapojirudia linakula kitu: labramu inachakaa, ligamenti zinarefuka, ukingo wa mfupa wa kisahani unamomonyoka. Mfupa ukishapungua vya kutosha, na madaktari wengi kwa miaka mingi walitumia asilimia 20 kama mstari wa hatari ingawa sasa wengi wanaushusha, kushona labramu peke yake hakutoshi tena. Itabidi kipande cha mfupa kihamishwe kutoka sehemu nyingine ya kombe la bega na kufungwa kwa skrubu mbele ya kisahani. Ni upasuaji mzuri unaofanya kazi, lakini ni mkubwa kuliko ule ambao ungefanyika mwanzo.

Kwa hiyo naamini kijana aliyetegua bega kwa mara ya kwanza katika kikapu cha ushindani anastahili kuonana na daktari wa upasuaji wa mifupa mapema. Sisemi lazima apasuliwe. Nasema asikie kwa kinywa cha mjuzi uwezekano wake ni upi akiacha na ukoje akifanya, kabla ya kocha kumwambia mechi ijayo ni ya lini.

Candace Parker anafaa kutajwa hapa. Aprili 1, 2008, akiwa chuo kikuu cha Tennessee, bega lake la kushoto lilitoka mara mbili katika kipindi cha kwanza cha mechi moja dhidi ya Texas A&M. Alirudi akiwa na kifungo cha bega, Tennessee wakashinda, na siku saba baadaye wakatwaa ubingwa wa vyuo. Ni moja ya hadithi kubwa za mchezo huu. Mwaka 2010, akiwa Los Angeles Sparks, bega hilo hilo la kushoto likatoka tena, akapasuliwa, na msimu wake ukaishia kwenye mechi 10. Hakuna anayeweza kusema alipaswa kuuacha ubingwa ule kwa ajili ya hesabu za miaka miwili mbele. Mwenyewe huenda angeuchagua tena. Kifungo kile, hata hivyo, kilimsaidia kwa kuzuia mkono usifike kwenye mkao wa hatari. Hakikutibu kitu. Watu huvivaa vifungo hivi kana kwamba ni dawa.

Baada ya upasuaji wa kushona labramu, mkono hukaa kwenye mkanda wiki nne hadi sita, na kurudi kwenye kugongana huchukua miezi minne hadi sita au zaidi. Rotata kafu iliyoshonwa ni polepole zaidi, miezi sita hadi tisa, wakati mwingine mwaka. Sehemu hii kila mtu anaijua na kila taarifa ya klabu inaitaja. Isiyotajwa ni ile inayokaa kati ya mkanda kuvuliwa na jezi kuvaliwa.

Wiki za mwanzo ni za kuchosha na zinakwenda vizuri kwa sababu mchezaji anaogopa. Anafanya anachoambiwa. Mkono unapandishwa kwa msaada, digrii kwa digrii, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, akichunga usizungushwe nje mapema mno na kuvuta mshono. Shida inaanza maumivu yanapokwisha, kwa kawaida mwezi wa tatu. Mshono bado mchanga, misuli ya bega imenyauka, lakini mtu anajisikia mzima. Anaweza kuvaa fulana bila kukunja uso. Anaweza kutupa mpira ukafika. Kuanzia hapo kila siku ya ziada nje anaiona kama ameonewa.

Mtazame mchezaji huyo akilala kifudifudi kwenye kitanda cha mazoezi, mikono imening'inia pembeni, akaambiwa ainyanyue yote miwili ifanye umbo la herufi Y, gumba juu, na kila mkono umeshika kilo moja. Jamaa huyu alikuwa akisukuma kilo 100 kifuani. Mara ya nane mkono uliojeruhiwa unaanza kutetemeka. Mara ya kumi bega linapanda kuelekea sikio, kwa sababu misuli ya shingo imeingia kufanya kazi isiyo yake. Anacheka, anasema ni kilo moja tu. Mtaalamu anamwambia ashushe na aanze upya.

Kupanda kule kwa bega kuelekea sikio ndiko kunakosema ukweli. Mkono unapoinuka hadi juu ya kichwa, kati ya digrii 180 takriban 60 hutoka kwenye kombe la bega lenyewe kuzunguka juu ya mbavu, na zilizobaki kwenye kiungo. Kombe likichelewa au likienda kombo, kisahani kinakuwa hakijamfuata mgeni wake, na kichwa cha mfupa kinabaki kikitafuta mahali pa kukaa. Jeraha huvuruga mwendo huo, na mkanda wa wiki sita huuvuruga zaidi. Haurudi wenyewe kwa kupumzika. Unafundishwa upya, kwa uzito mdogo, kwa marudio mengi, mbele ya kioo, na hakuna mpiga picha wa klabu anayekuja kuyapiga picha mazoezi hayo.

Halafu kuna uchovu. Bega linaloshikilia vizuri dakika ya tano linaweza kuwa jingine kabisa dakika ya thelathini na tano, rotata kafu ikishachoka na misuli mikubwa ikabaki bila mwangalizi. Kumpima mchezaji akiwa amepumzika, asubuhi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ni kumpima mtu ambaye hatacheza. Apimwe baada ya mbio za kwenda na kurudi, moyo ukidunda. Kuna kipimo kimoja rahisi mno: mikono sakafuni kama mtu anayepiga pushapu, viganja vimeachana karibu sentimita 90, na mchezaji anavuka mkono mmoja kugusa mwingine kwa zamu kwa sekunde 15, unahesabu. Kifanye mwanzo wa mazoezi, kirudie mwisho. Hesabu ikiporomoka, umepata jibu ambalo tarehe haikuweza kukupa.

Bega la mkono wa kutupia linadai mtihani wa pili. La mkono mwingine likipona nguvu na uthabiti, kazi imeisha kwa sehemu kubwa. La kutupia lazima pia lirudishe hisia ya mahali mkono ulipo bila kuutazama. Ligamenti na kifuko cha kiungo vina vihisi vinavyoiambia akili pembe ya mkono. Vikichanika, habari hiyo inapungua. Mtupaji hawezi kukueleza kinachoendelea. Atasema mpira unamtoka vibaya. Mitupio huru inaanza kupungukia mbele ya ringi, hasa robo ya nne, kisha anainua kiwiko kufidia, kisha anapeleka mpira mbele ya uso badala ya juu. Kocha anadhani ni mbinu, na anamtengeneza mbinu. Miezi miwili baadaye mchezaji ana mtupio mpya uliojengwa juu ya bega bovu.

Hapo ndipo Markelle Fultz anapoingia. Alichaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2017, zamu ya klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya, na Philadelphia 76ers, akitoka chuo kikuu cha Washington alikokuwa akifunga pointi tatu kwa zaidi ya asilimia 41. Miezi michache baadaye mtupio wake ulikuwa haufanani na kitu chochote. Wakala wake alisema kwanza kwamba maji yametolewa begani, kisha akasahihisha: ilikuwa sindano ya kotizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, iliyoingizwa. Ikaja taarifa ya misuli ya kombe la bega kutolingana. Akacheza mechi 14 tu msimu wa kwanza. Mitandaoni watu walishaandika hukumu: kijana ameingiwa na hofu. Desemba 2018 wataalamu wakasema ni neva zinazobanwa kati ya shingo, mtulinga na ubavu wa kwanza.

Sijui mtu anaweza kukata kwa kisu gani kati ya mwili na akili katika kisa kama hicho, na sioni kwa nini alazimike. Mkono ukikosa kutii, akili itaanza kuutilia shaka. Akili ikitilia shaka, mkono utatetereka zaidi. Kilichonikera wakati ule, na bado kinanikera, ni wepesi wa watu kuchagua upande wa akili kwa sababu skani haikuonyesha kitu cha kuvutia. Fultz alihamia Orlando Magic Februari 2019, na msimu uliofuata akacheza mechi 72. Alikuwa mchezaji wa kweli wa NBA tena: anaendesha timu, anapenya, anapasi. Mtupio wa pointi tatu haukurudi. Msimu ule ulikuwa chini ya asilimia 30. Kwenye kumbukumbu za majeruhi alihesabiwa amepona.

Eneo hilo hilo la mtulinga na ubavu wa kwanza hubana pia mishipa ya damu, na huko hakuna mzaha. Brandon Ingram mwaka 2019 alisimamishwa kwa damu iliyoganda kwenye mkono wa kulia na akafanyiwa upasuaji wa kupanua nafasi hiyo. Victor Wembanyama alimaliza msimu wake Februari 2025, akiwa amecheza mechi 46, kwa damu iliyoganda kwenye bega la kulia. Mkono ukivimba, ukibadilika rangi au ukiwa mzito bila pigo lolote, hilo si suala la barafu na kupaka dawa ya misuli. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ninajua nitakayejibiwa naye: Paul George. Mei 2019 alipasuliwa rotata kafu ya bega la kulia, Juni labramu ya kushoto, na Novemba 14 akaingia kwa mara ya kwanza na Los Angeles Clippers akafunga pointi 33 ndani ya dakika 24. Mabega mawili, miezi mitano na ushei. Ni kweli. Ila tazama mpangilio wake: msimu wake ulikuwa umekwisha kabla ya visu, majira yote ya joto yalikuwa mbele yake, na klabu mpya haikuona haya kumwacha nje mechi 11 za mwanzo. Kalenda ya ligi na kalenda ya bega zililingana kwake kwa bahati njema, na pale ambapo hazikulingana, bega ndilo lililopewa haki yake.

Wengi hawana bahati hiyo, wala daktari wa pili wa kuuliza maoni. Katika timu nyingi za kikapu anayeamua nani acheze ni kocha, na kocha anachokiona ni mtu anayedunda bila kulalamika. Ukimpelekea mtaalamu wa fiziotherapia hoja ya nguvu, atakuambia mkono uliojeruhiwa umefika asilimia 90 ya ule mzima. Inasikika vizuri. Lakini mkono wa kutupia kwa kawaida una nguvu zaidi ya mwenzake tangu hapo; ukifika asilimia 90 ya ule dhaifu, bado uko mbali na ulikotoka. Na ule mzima nao umekaa miezi bila mazoezi kamili, kwa hiyo unapimwa dhidi ya kitu kilichoshuka.

Dawa ya hilo ni ndogo kiasi cha kuudhi. Kabla ya msimu kuanza, kila mchezaji apimwe nguvu za kuzungusha bega nje na ndani, mikono yote miwili, kwa kipimo cha mkononi. Ahesabiwe zile sekunde 15 za sakafuni. Achukuliwe video ya mitupio huru 20 akiwa mbichi na 20 akiwa amechoka, kutoka upande na kutoka nyuma ili kombe la bega lionekane. Yote hayo hayamalizi nusu saa kwa mchezaji, na video inahitaji simu tu. Bega likija kuteguka mwezi wa pili, kutakuwa na namba zake mwenyewe za kumrudishia, na kocha akiuliza anarudi lini, kuna karatasi ya kumwonyesha badala ya tarehe.